Kivuli Kwenye Kongosho

Februari 1996, macho ya baba yangu yaligeuka manjano kama kiini cha yai. Baba ni Nthiga, mkulima wa kahawa wa Kanja, mtu ambaye jua halikuwahi kumkuta kitandani. Sasa alijikuna mchana kutwa, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na maumivu ya tumbo yakamtokea hadi mgongoni.

Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha walimu huko Meru. Kaka yangu Ireri alinipigia simu kwa ofisi ya chuo.

"Njoo umpeleke hospitali, Mukami. Mimi siwezi kutoka kazini."

Hospitalini, daktari alimpaka baba mafuta baridi tumboni, akapitisha kifaa cha altrasaundi juu ya ngozi. Alipitisha mara tatu. Kongosho liko ndani sana, nyuma ya tumbo la chakula, na hewa ya matumbo ilikuwa imelificha. Alichoona ni kivuli tu.

"Kichwa cha kongosho kimevimba," aliniambia kando. "Kwa umri wake, hii ni kansa."

"Una hakika?"

"Kuhakikisha ni kumpasua, na vile amedhoofika atatufia mezani. Mrudishe nyumbani. Ana miezi mitatu, minne hivi."

Nilimwambia baba tukiwa kwenye benchi nje. Akavaa kofia yake. "Basi twende tukapange mambo, mama." Huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Akapanga kweli. Mbele ya wazee wa ukoo alimpa Ireri shamba lote la kahawa. Mimi sikutajwa, maana nitaolewa. Aliangusha miti mitatu ya mikima ikapasuliwa mbao za jeneza. Ireri akasema mke wake ana mtoto mchanga, kwa hivyo wa kumuuguza baba ni mimi. Niliandikia chuo kuomba ruhusa. Walijibu kwamba nafasi haiwezi kukaa wazi wakati wengine wanaililia.

Nilimwosha, nikampikia uji wa wimbi, nikamgeuza kitandani. Mwezi wa Aprili alisema anahisi njaa. Kujikuna kukaisha. Kufikia Juni macho yalikuwa meupe, na Agosti alichukua jembe. Kanisani walitoa shukrani, nami nikasimama nikaimba nao.

Mwaka uliofuata nilisikia kwamba Daktari Mithika, aliyekuwa akisoma Japani, amefungua kliniki Embu mjini. Nilimpeleka baba huko kwa sababu nilitaka kujua alivyopona. Alimpima, akaitazama kwa muda mrefu picha ya altrasaundi tuliyopewa hospitali ile ya kwanza.

"Nadhani kilikuwa kijiwe cha nyongo," akasema. "Kilikwama pale ambapo mfereji wa nyongo na wa kongosho hukutana, kongosho likavimba. Baadaye kikapita chenyewe."

"Wangejuaje?" nikauliza.

"Kule nilikosomea, mgonjwa humezeshwa mpira mwembamba wenye altrasaundi ndogo kwenye ncha. Ukifika tumboni, kongosho liko ng'ambo ya ukuta tu, hewa haizuii. Kijiwe kama punje ya wimbi kinaonekana. Na kama ni uvimbe, sindano hupita humo humo ikachukua chembe za kupimwa."

"Huchukua muda gani?"

"Nusu saa hivi. Lakini hapa kwetu sijauona."

Baba aliinama mbele. "Kwa hivyo sikuwa nakufa?"

"Hapana, mzee."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Tukiwa njiani akaniuliza mbona nimenyamaza. Nilimwambia nimefurahi.

Alienda kwa Ireri kuomba shamba lake. "Baba, ulinipa mbele ya wazee," Ireri alijibu. Wazee nao walisema neno likishatoka halirudishwi. Siku hizi baba huchuma kahawa ya mwanawe na kulipwa kwa debe, kama kibarua yeyote.

Niliomba chuo tena mara mbili. Alama walizotaka zilikuwa zimepanda, sikufikisha. Nauza nguo za mitumba soko la Kanja.

Sijamwambia mtu haya. Yako mapambazuko ninapomsikia baba akikohoa uani, mzima, akitafuta viatu, nami nalala kimya nikitamani yule daktari wa kwanza angekuwa amesema kweli. Kisha naamka, namtengea chai.