Mkono wa Kulia wa Mama Mkwe

Hospitalini wananiita Bwana Namba. Kazi yangu ni kusoma alichoandika daktari na kukigeuza kuwa msimbo, yaani zile herufi na tarakimu ambazo bima wakiziona wanalipa, na wasipoziona wanakuwa hawapokei simu. Sitibu mtu. Lakini nikikosea mimi, daktari anaweza kushona mpaka watu wapige makofi na hospitali isipate kitu.

Msimbo una roho ngumu. Ukiuambia "mkono mfupi" hauridhiki, unataka kujua ni wa kulia au wa kushoto. Ukishajibu, unataka kujua ni mfupa upi kati ya ile miwili iliyo baina ya kiwiko na kiganja, wa upande wa gumba au wa upande wa kidole cha mwisho. Halafu unauliza swali la kishari: mtu kazaliwa hivyo, au yalimkuta baadaye? Na mimi siruhusiwi kukisia. Kisichoandikwa na daktari, kwangu hakipo.

Mambo hayo niliyapenda sana mpaka lilipofika faili la mama mkwe.

Mkono wake wa kulia, mfupa wa upande wa gumba ni mfupi. Mwenzake umeuzidi, na kila akigeuza kiganja unamchoma. Hawezi kukamua nguo wala kuzungusha ufunguo. Siku hizi hata binti yangu akimkimbilia abebwe, bibi yake anarudi nyuma, anaogopa atamwangusha. Daktari wa mifupa anataka kuupunguza ule mrefu ulingane na mwenzake, na bima wanalipia kasoro ya kupata, ile ya kuzaliwa hawaigusi. Picha inaonyesha mfupa uliovunjika zamani ukaunga vibaya. Mama mkwe yeye kamwambia daktari kazaliwa hivyo. Daktari, mtu mwaminifu, akaandika yote mawili, na bima wakalirudisha faili.

Ndiyo maana tukajazana kwenye chumba cha daktari: yeye na kalamu yake, mama mkwe kitandani, baba mkwe kwenye kiti cha plastiki, na mke wangu katikati yetu. Huyo wa katikati ndiye muhimu, kwa sababu mimi na mama mkwe hatujawahi kusemezana zaidi ya salamu. Heshima yetu ni kubwa na inachosha.

"Muulize mama," nikamwambia mke wangu, macho yangu yakiwa kwenye mizani ya kupimia watoto, "kama aliwahi kuanguka."

"Mama, uliwahi kuanguka?"

"Mwambie mwenzio nimezaliwa nao."

"Anasema kazaliwa nao."

"Nimesikia. Muulize, na mfupa uliovunjika kwenye picha ni wa nani?"

Mke wangu akanipa lile jicho la tutaonana nyumbani. "Mama, anauliza..."

"Mwambie picha huwa zinachanganywa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Jamani, mbona mnapigiana pasi? Sote tuko humu humu." Akamgeukia mama. "Mama, mimi naandika unachoniambia. Ukisema umezaliwa hivyo, bima hawatalipa na mkono utabaki kama ulivyo. Niandike hivyo?"

"Andika."

Nilimkasirikia, nasema kweli, nikamkasirikia na huku namwonea huruma, maana alikuwa ameupakata ule mkono kama mtoto mwenye homa.

"Aliruka ukuta," akasema baba mkwe.

Baba mkwe ni fundi saa mstaafu. Akikaa mahali unaweza kusahau kwamba yupo, na kwa kweli tulikuwa tumeshamsahau.

"Wewe," akasema mama. "Mkwe yupo hapa."

"Namwona. Aliruka ukuta wa kwao, daktari, kabla hatujaoana. Alikuwa anakuja kuniona mimi. Nilikuwa chini, nikamwambia ruka, nitakudaka."

Mke wangu akauliza swali ambalo mimi nisingelithubutu. "Ukamdaka?"

"Niliogopa. Nikasogea."

"Ulisogea, baba?"

"Kidogo tu."

"Baba yangu angejua, ningefungiwa ndani," mama akamwambia daktari. "Nikaufunga kwa kitambaa, nikasema nimeulalia vibaya. Ukapona umepinda, na nilipoolewa nikakuta wakwe zangu hawanijui, nikawaambia nimezaliwa nao. Basi ikawa hivyo. Ningesemaje? Kwamba niliyemrukia alisogea? Wangemcheka mpaka leo."

Daktari akaandika, polepole, nami nikasimama nyuma yake nikisoma kila neno kwa pupa ya mtu aliyewekewa sahani. Kulia. Mfupa wa upande wa gumba. Ulivunjika kwa kuanguka kutoka ukutani, ukaunga vibaya. Hakuna cha kukisia.

"Hii inatosha," akasema. "Watalipa."

Mama akajiweka sawa kitandani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nioe, akanigeukia mimi mwenyewe. "Mkwe, hao bima wanauliza nani alikuwa chini?"

"Hapana, mama. Wanataka kujua ulianguka kutoka wapi, basi."

"Hawaulizi kabisa?"

"Hata nafasi ya kuandika haipo."

Akamgeukia mumewe. "Umesikia? Hawaulizi. Ukuta peke yake ungetosha. Miaka yote hii nimekufichia, wewe unakuja kujianika mbele ya mkwe na daktari bila hata kuulizwa."

Baba mkwe akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, akaja akasimama karibu na kitanda.

"Sikuwa nawaambia bima," akasema.