Chini ya Mkorosho Usiozaa

Wiki mbili kabla ya askofu kuja Chiungutwa, mjukuu wangu Huruma alituambia hapokei kipaimara. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa. Na babu yake, mume wangu Cecil, ndiye mwalimu wa kanisa, basi fikirieni aibu.

"Nijibu kwanza, Babu," alisema. "Ingewezekana pasiwe na kitu chochote? Si watu tu. Pasiwe na dunia, wala giza, wala Mungu mwenyewe?"

Mimi ningemjibu kwa mwiko. Cecil alikuna kidevu, akasema hajui. Miaka yote hiyo anafundisha watu dini, hajui. Nilikasirika, na kusema kweli niliogopa pia, maana mtoto hakuwa akileta utundu. Tangu binti yetu Sabina, mama yake, afariki, alikuwa haoni maana ya chochote.

Asubuhi tulikwenda kufagia chini ya mikorosho, kwa sababu korosho zikidondokea kwenye majani huzioni. Cecil alikuwa bado anahangaika.

"Nimeondoa miti kichwani mwangu, nimeondoa ardhi na mbingu," aliniambia. "Nikifika kwa Mungu nashindwa. Lakini hivi vingine vyote, Mama Sabina, naona vingeweza kukosekana."

Mawazo yakampeleka na fagio lake hadi chini ya mkorosho ulioungua mwaka juzi na haujazaa tangu hapo, ambao sote huwa tunauruka tukifagia.

"Huo unamfagilia nani?" nikamuuliza.

Akatazama juu, akacheka, akaendelea kufagia. Nikamwacha na uchizi wake.

Siku chache baadaye Huruma alituita kutoka pale pale. Kwenye udongo mtupu lilikuwa limelala bibo moja jekundu, na korosho yake.

"Huu haukupaswa kuzaa," alisema.

"Haukupaswa," Cecil akajibu.

Huruma akaliokota, akaligeuza mkononi. "Kwa hiyo hata mama angeweza asiwepo kabisa. Nisimjue hata siku moja."

"Angeweza, mjukuu wangu."

"Lakini alikuwepo."

Hapo akalia, na mimi nikalia. Tangu mazishi hatukuwa tumelia pamoja, na nilijisikia mwepesi.

Jioni aliniuliza gauni lake nimeliweka wapi. Korosho ile tuliichoma jikoni, sisi watatu. Huruma aliigawa vipande vinne, na hatukumuuliza cha nne ni cha nani.