Meko Kumi na Tisa

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Jumamosi moja ya mwaka wa arubaini na nane, fundi Gershom alikuwa amelala chali chini ya gari la Bwana Mohdhar kule Mikindani, spana juu ya kifua. Gari lile alikuwa amekwisha kulifungua mara saba na kulifunga mara saba, na kila mara zilibaki skrubu mbili asizojua zilikotoka. Alizitia mfukoni bila haraka, kama mtu aliyekusudia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mmoja. Gari likiamka baridi, likapigwa hendeli, huwaka vizuri tu, lakini kabla halijafika langoni rejeta, lile tangi la kupozea maji ya injini, huanza kutokota na mvuke kufoka puani. Likisha kupumzika robo saa, huenda kisiwani na kurudi, mchana kutwa, pasipo hata kutoa jasho.

Gershom alijifunza kazi katika karakana ya jeshi wakati wa vita. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwashikia wenzake taa. Hilo hakupata kumwambia mtu. Aliporudi nyumbani alisema tu kwamba hakuna injini asiyopata kuimulika, na wallahi hapo hakusema uongo.

Basi alifanya yote aliyowahi kuyamulika. Alishika mipira miwili ipitishayo maji, mpira wa juu na mpira wa chini, kama mganga ashikaye mapigo ya damu: wa juu ulimbabua, wa chini ulikuwa baridi. Akasema, maji hayazunguki. Akatoa kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ishike moto, akakichemsha sufuriani, kikafunguka kama kinavyotakiwa. Akabadilisha ukanda wa feni. Akaosha rejeta kwa maji ya ndimu. Gari likanukia vizuri, kisha likachemka.

Bwana Mohdhar alitoka barazani na kikombe chake cha kahawa. Ardhi yote kutoka barabara ya Nairobi hadi mikokoni ilikuwa yake, naye alikuwa mtu mpole asiyepandisha sauti.

"Fundi, umeamkaje?"

"Sijambo, Bwana. Shikamoo."

"Marahaba. Na mgonjwa wetu?"

"Ana nafuu," alisema Gershom kutoka ndani ya mvuke.

Bwana Mohdhar akanywa funda moja. "Kuna fundi mmoja wa Kisauni. Hataki makuu, ataka mahali pa kukaa tu, yeye na watu wake. Nami sina kiwanja kitupu, ila nimtoe mtu. Nimemwambia nitampa jibu Alhamisi."

Nyumba ya Gershom aliijenga kwa mikono yake, miti na udongo, vyumba viwili na ua. Lakini ilisimama juu ya ardhi ya Bwana Mohdhar, kama za majirani zake wote. Alirudi nyumbani miguu mizito, akamkuta mkewe Kafedha amempakulia uji. Ulikuwa mbichi, kama ulivyokuwa mbichi mwezi mzima.

"Kuni zako hizi," alisema Gershom.

"Baba Kefa, kuni ni kavu. Moto ndio unaoondoka."

Gershom akatikisa kichwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wa mambo ya moto katika nyumba ile.

Uji ule ulimfanyia kazi tumboni, na Jumapili hakuweza kwenda kokote. Bakari, dereva wa Bwana Mohdhar, akalipiga gari hendeli mwenyewe. Gershom alikuwa amejikunyata karibu na jiko aliposikia injini ikikohoa kule mbali. Hapo moto wa Kafedha ukasimama. Ukajitoa katikati ya mafiga matatu, ukajikunja vizuri kama leso ifungwayo kiunoni, ukashika njia ya mlangoni. Kafedha akasogeza chungu kwa mguu ili usijigonge. Nje ulikutana na mioto mingine iliyotoka nyumba za jirani, ikapangana mmoja nyuma ya mwenziwe, ikapita ukingoni mwa shamba la mihogo bila kuunguza jani, ikaelekea kwa Bwana Mohdhar. Gershom akaihesabu. Ilikuwa kumi na tisa.

"Huenda kila siku?" aliuliza.

"Kila siku. Ulidhani nakusingizia?"

"Na nyinyi mwaitazama tu?"

"Sasa tufanyeje? Gari linaamka na baridi, laomba moto. Moto ukiombwa haunyimwi, hata na adui. Mamako hakukufunza?"

Alikuwa amemfunza. Gershom akafikiri juu ya ndimu zake. Injini moja imebeba meko kumi na tisa kwa mara moja, itaachaje kuchemka? Mtoto mdogo angeliona. Yeye alifungua gari mara saba, macho yasitoke kwenye skrubu, na jawabu lilikuwa likimpita mlangoni kila siku.

Jumatatu alikwenda akamweleza Bwana Mohdhar, naye akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Basi moto huo umekwenda wapi, fundi?" alisema. "Umetoka kwangu, ukaja kwangu. Mimi nilikuitia kuchemka tu."

Siku hiyo Gershom alikuwa amewaomba majirani wasiwashe mpaka gari litoke. Wote walikubali. Gari likakataa kuwaka kabisa. Alilipiga hendeli mpaka mkono ukavimba, likabaki kimya kama jiwe. Jumanne aliruhusu meko matano. Liliwaka, likatoka langoni, likachemka kwenye kona ya barabara. Gershom akaandika katika kitabu chake kwamba moto wa kutosha ni mmoja. Aliipigia mstari hesabu hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza maishani mwake kutoka sawa.

Jioni ya Jumanne majirani walikusanyika uani kwake kuamua ni jiko la nani. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Mmoja ana mtoto mchanga. Wa pili mumewe huamkia zamu ya bandarini na hawezi kwenda na njaa. Jirani mwingine, Tsuma, alisema moto wake una tabia ya kuchelewa na ungemwaibisha Bwana. Wakamgeukia fundi, kwa kuwa gari lilikuwa lake kulitibu na nyumba ya kuokoa ilikuwa yake. Gershom alijua la kusema. Alisimama, akakohoa, akafungua kinywa aseme, "Wangu." Akasikia kinywa kikisema, "Bi Mishi."

Bi Mishi alikuwa mjane aliyekaa peke yake mwisho wa njia, na siku hiyo alikuwa porini akitafuta kuni. Hakuna aliyepinga. Kafedha alimtazama mumewe, kisha akaingia ndani.

Gershom alikwenda kumwambia mwenyewe, akiwa amejitayarishia maneno njia nzima. Angemweleza habari za mpira wa juu na mpira wa chini, na jinsi injini baridi inavyohitaji kusaidiwa. Mafuta ya injini yalimnuka mikononi kuliko siku zote. Alikuwa hajamaliza habari za rejeta Bi Mishi alipomkatiza.

"Mwanangu, wataka moto?"

"Ndiyo, mama."

"Si useme moto. Nitaamka mapema niuwashe."

Jumatano gari liliwaka kwa pigo moja la hendeli, likatoka langoni bila hata uzi wa mvuke. Alhamisi vivyo hivyo. Bwana Mohdhar alimwita Gershom barazani, akampa kahawa kwa mkono wake, akasema yule wa Kisauni ameambiwa hapana mahali. Akawaambia wageni wake kwamba fundi huyu ana sikio. Gershom aliinamisha kichwa kama mtu mwenye sikio. Wiki iliyofuata yaliletwa magari mawili kutoka Changamwe ili ayasikilize, naye akayasikiliza.

Nyumba ikabaki. Kafedha hupika uji ukaiva, ingawa siku hizi humpakulia mumewe bila maneno mengi. Na kila siku alfajiri Bi Mishi huchochea moto wake mpaka ukolee, ukaenda zake ukingoni mwa mihogo, peke yake. Gari likisha kutoka, mama huyo huja na kifuu cha nazi mkononi, akasimama mlangoni kwa Gershom.

"Hodi. Nitilie kaa moja, mwanangu, kwangu kumepoa."

Gershom huinuka mwenyewe, humchagulia kaa jekundu kuliko yote, akamtilia na majivu ya chini lisizimike njiani.

"Mungu akuzidishie," husema Bi Mishi. "Wenye kutoa kama wewe wamekwisha."

"Amin," hujibu Gershom, akarudi kukaa, akamalizia uji wake kabla haujapoa.