Kiraka cha Pazia

"Basi kipimo chenu ndicho kilichokosea," Mama Cherehani alimkatiza afisa kwa mara ya tatu. "Mwanangu nilimzika mwenyewe. Nilimtambua kwa kiraka cha gotini, kitambaa cha pazia langu. Mshono wangu nisiujue?"

Afisa wa ofisi ya waliopotea vitani, binti mpole mwenye mkoba mzito, alirudia kwamba mifupa iliyofukuliwa kwenye machimbo ya mawe ndiyo ya mwanawe. Aliyelala kaburini miaka saba ni wa watu wengine, na ofisi inaomba ruhusa ya kulifukua.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mtaa mzima ulipokataa kupimwa vinasaba, ni Mama Cherehani aliyekaa mbele ya wanawake wenzake, akapanua mdomo, akapitishwa kijiti cha pamba shavuni, huku akijigamba kwamba kaburi analo, hana la kuogopa. Wote walimfuata, isipokuwa jirani wa ukuta wa pili. Yeye alisema atoaye mate amekwisha kumzika mwanawe, na wake yu hai.

Mume wa Mama Cherehani alishauri mambo yaishe hapohapo. Kaburi lilishajengewa, watu walishalia, na maiti haulizi jina.

"Mama," afisa akauliza taratibu, "kiraka cha pazia hilo ulimshonea mwanao peke yake?"

Hapo Mama Cherehani akakumbuka. Pazia lile lilitoa viraka viwili. Vijana wawili waliruka ukuta mmoja, wakachana suruali siku moja, na cha pili alimshonea bure mtoto wa jirani.

Na jirani huyo, kwa kukosa kaburi lake, kila wiki alikuja kuazima la mwenzake. Aling'oa magugu, akalia kidogo, akashukuru, akaenda zake. Mama Cherehani alimruhusu kwa sharti moja: asikanyage maua.

"Nyamaza tu, mke wangu," mumewe akasema. "Nani atajua?"

"Mimi."

Akatia sahihi karatasi ya ruhusa. Afisa alimwonya asitamke neno kabla ya majibu. Akasema hatatamka, akamshika mkono, wakazunguka ukuta.

"Jirani, ukaidi basi. Kaa kitini, upanue mdomo."

Jirani akawatazama wote wawili. Akauliza kwa woga kama kosa ni yale maua, maana juzi alikanyaga mawili.

"Kuanzia leo yakanyage upendavyo," akasema Mama Cherehani, na kumsogezea kiti.

Jirani akakaa. Akamtazama Mama Cherehani usoni, kisha akapanua mdomo.