Kibao chenye Tarehe ya Leo

Mtaani kwao alijulikana kama Binti Herufi, ingawa alikuwa ameshavuka miaka arobaini na ana mvi mbili tatu za kuficha. Herufi mwenyewe alikuwa baba yake. Mzee huyo alichonga majina kwenye vikombe, ngao na medali kwa miaka thelathini na minane, kwa mkono mtupu na kalamu ya chuma, na watu walisema kikohozi kikimjia katikati ya jina, kinasubiri amalize herufi. Timu ikichukua ubingwa, shule ikifunga mwaka, karani akistaafu, kibao kililetwa kwake.

Mzee alipofariki, binti alibaki na duka, mama, na wateja wanaotaka kazi yao jana. Akanunua mashine ndogo ya kuchongea, akazifungia kalamu za baba kwenye sanduku. Kazi ya kwanza ya maana iliyofanywa na mashine ile ilikuwa kibao cha kaburi la mzee. Jambo hilo halikumkaa sawa moyoni hata kidogo, ila hakumwambia mtu.

Kila mwaka chama cha mafundi wa vikombe na tuzo kiliandaa maonyesho ya siku tatu katika jumba moja kubwa lenye paa la bati na sakafu inayong'aa. Wauzaji walileta mashine na mali mpya, na vyumba vya pembeni vilikuwa vya mafunzo. Fundi aliyemaliza masomo sita, mwaka mmoja somo moja, alipewa cheti cha ubingwa. Mzee Herufi alimaliza matatu akafa. Uhai wake wote alikuwa akimbembeleza bintiye waende pamoja. "Baba, nani atabaki dukani?" ndilo lilikuwa jibu, na halikubadilika mpaka mzee akaingia kaburini.

Sasa miaka mitatu ilikuwa imepita, na binti alifunga duka akapanda basi. Hakufuata mafunzo. Alifuata mashine mpya ya leza ambayo ingeonyeshwa siku ya mwisho, saa kumi alasiri. Alikuwa ameshapiga simu kuweka nafasi, na aliambiwa kiti chake kiko mstari wa mbele, kimebandikwa jina.

Alifika saa tisa na nusu. Karani wa mapokezi, mama mwenye miwani ya kamba, aliuliza jina la duka, akafungua daftari, akatabasamu.

"Kumbe safari hii mmekuja wawili! Mzee ameshachukua kitambulisho chake tangu asubuhi."

"Mzee gani?"

"Mzee wenu. Herufi." Karani aligeuza daftari. "Si huyu hapa?"

Binti aliinama. Kwenye mstari wa tisa palikuwa na jina kamili la baba yake, na pembeni sahihi ile yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kujifunga kama fundo la kamba. Aliijua kuliko sahihi yake mwenyewe. Alikuwa ameiona kwenye ripoti zake za shule na kwenye risiti za miaka yote.

"Dada, baba yangu alishafariki."

Karani alivua miwani, akamtazama, kisha akatazama daftari. "Pole sana," alisema taratibu, kama mtu asiyejua anampa nani pole. "Lakini mimi huwa nampa kitambulisho kwa mkono wangu. Mwaka jana pia. Na mwaka juzi."

Hasira ndiyo iliyomjia binti kwanza. Akili ilimwambia kuna tapeli mmoja ameokota jina la marehemu na anasomea ubingwa bure kwa mgongo wake. "Yuko wapi sasa hivi?"

"Chumba cha saba. Leo wana mtihani wa somo la sita."

Alipita katikati ya maonyesho bila kutazama kitu. Kulia vikombe vya dhahabu bandia vimepangwa kama askari, kushoto mtu anagawa riboni. Karibu na jukwaa la mashine ya leza palikuwa na ukuta mzima wa rafu za vioo, umejaa tuzo za kioo kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu. Mbele ya ukuta huo palikuwa na viti. Aliona karatasi yenye jina lake kwenye kiti cha kwanza, akasema moyoni atarudi.

Chumba cha saba kilikuwa na meza kumi na mbili, kila meza na taa yake. Mafundi kumi na mmoja walikuwa wameinama. Ilisikika sauti ya chuma kukwaruza shaba tu, krii, krii, kama mende kwenye karatasi. Mwalimu, mwanamke mwembamba aliyevaa aproni ya ngozi, alimfuata mlangoni.

"Namtafuta mtu anayejiita Herufi," binti alisema.

"Mzee mkimya? Mmepishana. Ametoka kunawa mikono." Mwalimu alionyesha mlango mdogo nyuma ya darasa.

Binti aliufungua. Kilikuwa chumba kidogo chenye sinki moja na kioo, hakina dirisha wala mlango wa pili. Hapakuwa na mtu. Bomba lilikuwa linamalizia kudondosha, tone, tone, na taulo lilikuwa limelowa. Hapo ndipo harufu ilipompiga. Mafuta ya taa. Baba yake hakuwahi kusafisha vidole kwa kitu kingine. Mama alipiga kelele miaka yote kwamba mashuka yananuka kama jiko. Hasira yote aliyokuja nayo ilimtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na mahali pake pakaingia baridi.

Alirudi darasani. "Hayumo."

"Basi amerudi mezani," mwalimu alisema, akageuka, akakunja uso. Meza ya kona ilikuwa tupu. Taa yake ilikuwa inawaka.

Jirani wa meza ile alikuwa fundi mnene wa medali, mwenye jasho shingoni. Binti alimwinamia akamuuliza kwa sauti ya chini kama amewahi kuongea na mzee huyo.

"Kuongea, hapana. Mwaka wa tatu huu tunakaa jirani, na yeye ni kutikisa kichwa tu," fundi alisema. "Aliwahi kuniazima kalamu, nikamgusa mkono. Ulikuwa baridi, dada, kama nyama ya kwenye friji. Nikasema labda presha." Alijifuta jasho. "Ila kila mwaka, siku ya mwisho, huniuliza swali moja. Ananiuliza, 'Binti hajaja?' Namwambia sijui binti gani, mzee wangu. Basi anarudi kwenye kazi yake."

"Na leo?"

"Leo hajauliza."

Binti alikaa kwenye kiti cha mzee. Kiti kilikuwa baridi. Mezani palikuwa na kalamu ya chuma, vumbi jipya la shaba, na kibao kimoja kidogo kilichobanwa kwenye kibanio cha mbao. Alikisogeza chini ya taa.

Lilikuwa jina lake. Jina lake lote, la kwake na la baba, kwa herufi zile zilizoinama kidogo kama watu wanaotembea dhidi ya upepo. Chini yake, tarehe ya leo. Chini ya tarehe, hakuna kitu. Shaba tupu.

Mtu mwingine angeona kazi nzuri ambayo haijaisha. Yeye alikulia dukani. Tangu akiwa mdogo wa kusimama juu ya kreti ili afikie meza, baba yake alimfundisha kwamba kibao cha tuzo lazima kiseme sababu: mshindi wa nini, shukrani kwa nini. "Jina na tarehe peke yake, mwanangu, hicho si cha kabatini," mzee alikuwa akisema. "Hicho ni cha makaburini."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Kupitia mlango alisikia kipaza sauti kikiwaita watu waje wakae, mashine ya leza inaanza. Alisimama. Akashika mkoba. Akapiga hatua mbili, na harufu ya mafuta ya taa ikaja tena, kali safari hii, mbele yake, kana kwamba mtu amesimama mlangoni kamzibia njia.

"Vipi, dada?" mwalimu aliuliza. "Umekuwa mweupe kama chaki."

"Mwalimu, kazi hii ikiachwa hivi, inakuwaje?"

"Anafeli. Sharti la mtihani ni kibao kamili." Mwalimu alikitupia jicho kibao. "Mbona kaacha? Si kawaida yake."

Binti alirudi akakaa. Alikuwa hajashika kalamu ya mkono kwa miaka mitatu, na ncha iligonga shaba mara mbili kabla ya kuingia. Aliandika kwa sababu kuacha nafasi ile wazi kulimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Herufi ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili ikawa afadhali. Kufikia ya tatu alihisi mkono umetulia, na hakuwa na hakika kama aliyeutuliza ni yeye. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na uzito mdogo, wa baridi, pale pale ambapo mzee alizoea kumshika akimfundisha kukata pembe. Hakutazama pembeni. Hata angepewa dunia asingetazama.

Aliandika: FUNDI, MWANA WA FUNDI.

Alikuwa anamalizia nukta wakati jumba zima lilipotikisika.

Kwanza ilikuwa kishindo, kisha sauti ndefu ya vioo, kama mvua ya mawe kwenye bati, ikamwagika na kumwagika mpaka mtu akajiuliza haiishi? Halafu kimya. Halafu mayowe. Mafundi wote walikimbilia nje, na binti akawafuata.

Ukuta wa tuzo za kioo ulikuwa umelala juu ya viti. Watu wa mstari wa pili walikatwa mikono na mabega. Mmoja alikuwa amekaa sakafuni akiitazama damu yake kwa mshangao. Mstari wa mbele, kwa bahati, walikuwa wamesogea kuiangalia mashine kwa karibu, na kiti cha kwanza mwenyewe hakutokea kabisa. Kiti hicho kilikuwa kimekatika vipande viwili. Kipande cha kioo, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kilikuwa kimekita wima katikati ya pale pa kukalia, na karatasi yenye jina lake ilikuwa imechomwa nacho.

Mwalimu alimkuta amesimama hapo, akampeleka chumba cha saba, akampa maji. Alipotulia, mwalimu alikichukua kibao, akakigeuza geuza chini ya taa.

"Mistari miwili ya juu na huu wa chini imeandikwa na watu wawili," alisema. "Mkono ni mmoja, lakini watu ni wawili. Sijawahi kuona hivi." Akaandika alama kwenye karatasi yake. "Amefaulu."

Binti alikwenda mapokezi akitaka angalau cheti cha kuupelekea ukoo. Karani mwenye miwani ya kamba alikuwa amekaa peke yake, mikono imelala juu ya daftari, machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Ameshakichukua," alisema kabla hajaulizwa. "Baada tu ya kile kishindo. Amesaini."

Mkia wa sahihi ulikuwa bado mbichi. Binti aligusa, wino ukabaki kidoleni.

"Amesema anakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Alisafiri na basi la alfajiri. Njia nzima alikaa dirishani, na kiti cha pembeni yake, ingawa basi lilijaa na watu wengine walisimama, hakuna aliyekikalia wala kuomba kukikalia.

Mama alikuwa uani anaanika nguo. Binti alimwamkia, akakaa kwenye kizingiti, akamsimulia yote, kuanzia daftari hadi kiti kilichokatika. Mama aliendelea kubana nguo kambani, moja baada ya nyingine, mpaka beseni likabaki tupu. Kisha akakausha mikono kwenye kanga yake.

"Ulimwona?"

"Sikumwona, mama."

"Hata mimi simwoni. Nasikia tu viatu."

Binti aliinua kichwa. "Viatu vipi?"

"Vyake. Huku na huku chumbani, kama alivyokuwa akifikiria kazi ngumu. Miaka mitatu sasa. Sikukwambia, ungesema mama amezeeka." Mama aliokota beseni, akaliegemeza kiunoni. "Kuna siku tatu tu kwa mwaka nyumba hii hunyamaza nikalala usingizi wangu. Nilikuwa sijui anakwenda wapi. Kumbe alikuwa shule."

Ndani ya nyumba, mahali fulani nyuma ya pazia, ubao wa sakafu ulilia mara moja, ukanyamaza.

Mama hakugeuka. Alimtazama binti yake kwa macho makavu, ya mtu aliyechoka.

"Sasa amemaliza masomo," alisema. "Niambie, mwanangu. Mwakani atakwenda wapi?"