Kadi ya Jemadari

Kadi ya jemadari ilikuwa imehama. Asubuhi mhariri aliiacha katika safu ya wabaya. Sasa ililala katika safu ya wema, baina ya sungura aliyewaokoa wenzake na mkunga aliyevuka mto uliofurika. Mhariri alihisi mate yakimjaa mdomoni, kama mtu aliyeuma kitu kilichochacha.

Wiki nzima alikuwa akizipanga kadi hizo kwenye meza ndefu, wahusika wa ngano pamoja na watu wa historia, kwa ajili ya kitabu cha watoto wa darasa la nne. Fisi wa ngano hakumpa shida. Mfalme aliyejenga shule na kuuza watu alimuumiza kichwa siku mbili. Lakini jemadari? Huyo alichoma vijiji vyenye watu ndani.

"Nimemhamisha mimi," alisema mkurugenzi, akichokonoa meno kwa pembe ya kadi nyingine. "Alituachia barabara. Halafu mjukuu wake yumo kwenye kamati inayopitisha vitabu. Tusijitie kitanzi."

"Na vijiji?"

"Ah, mama, hawa ni watoto. Vijiji vya nini?" Akairudisha kadi mezani, pembe yake ikiwa bado na mate, akamsukumia karatasi ya idhini. "Tia sahihi, twende tukale."

Akatia sahihi. Mkono haukutetemeka hata chembe, na hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko yale mate ya kwenye kadi. Miaka kumi na minane ya "sawa, mzee" ilikuwa imeuzoesha. Alisema hana njaa, akabaki.

Baadaye mchoraji aliingia na daftari lake, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Dada, wema wote nimewachora wanatabasamu. Na huyu jemadari, atabasamu?"

Mhariri alifungua kinywa aseme sawa. Neno likagoma.

"Bibi yangu aliponda kokoto za barabara yake," alisema. "Alikuwa na miaka tisa. Jemadari alikuwa akija kuwakagua, juu ya farasi."

"Pole, dada. Basi nisimchore akitabasamu."

"Hapana. Bibi alisema alikuwa akitabasamu sana. Mtu wa meno mazuri." "Mchore hivyo hivyo. Na mbele ya farasi, mchore bibi."

Mchoraji akafungua ukurasa mtupu.

"Alikuwaje?"

Mhariri akavuta kiti.