Bonde Lililokuwa Kilima

Kesho yake kamati ingeamua setilaiti ya kutazama nyota ielekezwe wapi, na pulsa ya Sharvani ilikuwa imeanza kufifia. Ombi lake la kuipima likikataliwa, nyota ingezimika bila kutazamwa na tasnifu ingebaki nusu, maana nyota za aina hiyo huwaka zikipenda zenyewe, hazibembelezwi.

Pulsa ile ni mzoga wa nyota unaonyonya gesi ya nyota mwenzake. Ikinyonya hung'aa kwa miale ya eksirei, mingine laini, mingine migumu yenye nguvu. Mpango wa Sharvani ulikuwa kugawa migumu kwa laini, akachora jibu kadiri nyota ilivyozidi kung'aa. Likatoka bonde: miale inalainika kwanza, kisha inakuwa migumu. Hakuna nadharia iliyolitaka bonde hilo, lakini yeye alilitetea kwa udi na uvumba.

Jioni hiyo, kwenye kantini ya taasisi yao pale Bengaluru, Chidananda aliyemtangulia masomoni aliuvuta mchoro huku akitafuna vada, andazi la dengu.

"Ulta," akasema.

Neno hilo, kichwa chini miguu juu, lilikuwa jina la utani la yeyote aliyegawa kinyume, na lilinata kama gundi. Meza nzima ikacheka. Sharvani akapandwa na hasira.

"Anna, kaka yangu, kwako kila asiyekubaliana na wewe ni Ulta."

"Dada mdogo, fungua programu yako uone. Nikikosea, niiteni mimi hilo jina mpaka nistaafu."

Akaifungua palepale. Katika mgawanyo, miale laini ilikaa juu, migumu chini. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Msimamizi wake, Vasudha Hebbar, alipoketi na kahawa yake, Sharvani alimweleza yote bila kuficha, akamalizia kwamba ataliondoa ombi kabla hajaiaibisha maabara nzima.

Vasudha aliugeuza mchoro juu chini, akauegemeza kwenye kioo cha dirisha na kuutazama kwa nyuma, mwanga ukipenya karatasi.

"Unaona nini?"

"Kilima, Madam." Na hapo akakitambua. Gesi inayoanguka ikiongezeka kidogo, miale huzidi kuwa migumu. Ikizidi mno, mwanga wenyewe huisukuma gesi isianguke, ikarundikana kama watu mlangoni pa harusi, na miale ikaanza kulainika. Kilele ndicho kiwango ambapo nyota hubadili tabia, na wengi walikuwa wakikitafuta.

"Wiki nzima unalilia bonde," Vasudha akasema, "kumbe umekalia mlima. Nenda kaandike upya, na ueleze nyota itafanya nini mwanga wake ukishuka."

Sharvani aliandika: miale itakuwa migumu hadi kileleni, kisha italainika. Kamati, baada ya kuchekea kosa lake, ikakubali.

Siku zilizofuata nukta mpya za vipimo zilipanda kilima kutoka ng'ambo, moja baada ya nyingine, zikakanyaga kilele, zikateremka upande wa pili. Ile ya mwisho ilipotua, Sharvani alicheka huku machozi yakimtoka, Chidananda akampigia makofi kwa mikono yenye mafuta ya vada. Kisha Sharvani akampigia simu mama yake aliyekuwa Shivamogga.

Mama, asiyejua pulsa ni mdudu gani, aliuliza kama nyota hiyo itarudi tena.

"Itarudi, Amma," Sharvani akasema. "Lini, sijui. Lakini itakalofanya ninalijua."